Jinsi ya kuwinda magemu ya zamani kwenye mitumba bila kupigwa

Kitu cha kwanza kukijua ni kwamba pale mezani hakuna umeme. Hapo ndo wengi wanapoanguka, mtu kazoea kununua kitu kimewashwa anakiona kinafanya kazi, sasa anafika kwenye mauzo ya vitu vya nyumbani anakuta konsoli, yani mashine ya kuchezea magemu, imelala kwenye boksi pamoja na pasi na viatu vya watoto, muuzaji anasema "ilikuwa inawaka vizuri tu", basi hela imeshatoka. Kwahiyo sehemu kubwa ya haya nitakayoandika ni namna ya kuisoma gemu au konsoli ikiwa imezimwa, kwa macho na vidole, ndani ya dakika mbili tatu kabla mtu mwingine hajainyakua. Habari za wapi uende na saa ngapi zipo pia ila hizo ni nyepesi.

Na kwa anayeuliza kwa nini usicheze tu kwenye simu, mwaka 2023 Video Game History Foundation walitoa utafiti unaoonyesha kwamba asilimia 87 ya magemu ya zamani yaliyotoka Marekani kabla ya 2010 hayauzwi tena rasmi sehemu yoyote, na mwaka huo huo mwezi wa tatu Nintendo wakafunga duka la mtandaoni la konsoli zao za 3DS na Wii U. Yani kuna magemu kibao ambayo njia pekee ya kulipata orijino ni kumkuta mtu analitoa kabatini kwake. Niseme mapema pia kwamba mimi nanunua ili nicheze, sio nipange kwenye kioo, kwahiyo boksi likiwa limechanika kidogo wala silii, ila kama wewe ni mtu wa makusanyo utakuwa mkali zaidi yangu kwenye makaratasi na mabokisi.

Wapi pa kuangalia

Meza ya familia inayohama au inayosafisha stoo ni bora mara nyingi kuliko meza ya mtu anayeuza vifaa vya umeme kila wiki, kwa sababu huyu wa pili ameshaingia mtandaoni ameshaona bei, alafu vilivyo vizuri keshavitoa. Familia inataka tu vitu viondoke. Mauzo ya hisani ya makanisa na mashule nayo ni mazuri, vivyo hivyo nyumba ambazo watoto wameshakua wakaondoka. Wahi asubuhi ukitaka vitu, chelewa ukitaka bei, viwili hivyo kwa pamoja huwa havipatikani.

Alafu usiishie kwenye kilichopangwa juu ya meza. Uliza. "Mama, samahani, hamna yale magemu ya watoto ya zamani, hata pedi au waya wake tu?" Hilo swali lina kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani, wengi wanaacha hayo mambo ndani wakiamini hamna mtu atayataka, na we ukitaja hata pedi (kile cha kushika mkononi na kubonyeza ukicheza) au waya ndo anakumbuka kuna mfuko mzima juu ya kabati. Pekua boksi la nyaya, pekua mfuko wa midoli, pekua rundo la DVD za muvi kwa sababu kava za magemu ya PS2 (PlayStation 2), Xbox na GameCube zinachanganyikana humo bila mtu kujua. Na jina analotaja muuzaji lisikuamulie kitu. Kuna watu kila konsoli kwao ni "Nintendo", kwa wengine kila kitu ni "PlayStation", sasa unaweza kuambiwa ni PlayStation ukaikuta Dreamcast ya Sega.

Vya kubeba: tochi ndogo, betri AA nne, pamba za masikio, kaseti moja (kile kipande cha plastiki chenye gemu ndani) ya Game Boy, konsoli ya mkononi ya Nintendo, unayojua ni nzima, na ka bisibisi ka skrubu za Nintendo ka milimita 3.8 maana ndo kanafungua kaseti za konsoli za Nintendo kama NES, SNES, N64, Game Boy na hata za Mega Drive ya Sega. Konsoli kama SNES, N64 na GameCube zenyewe zinataka ka 4.5. Ila usianze kufungua mali ya mtu bila kuomba, ni ustaarabu tu huo.

Uzee sio thamani

Hili lieleweke vizuri kwa sababu linawachanganya wauzaji na wanunuzi wote. Mwezi wa saba 2021 kaseti ya Super Mario 64 iliyokuwa haijafunguliwa kabisa iliuzwa na kampuni ya minada ya Heritage Auctions kwa dola milioni 1.56, habari ikazunguka dunia nzima, na tangu hapo kila mwenye Mario iliyochakaa stoo anaamini ana nyumba mkononi. Ile ilikuwa na nailoni yake ya kiwandani na ilikuwa imepewa alama za ubora za juu karibu na mwisho kabisa. Super Mario 64 ya kawaida, bila boksi, ni moja ya kaseti zilizojaa kuliko zote za N64.

Kilicho adimu ni kile kilichotengenezwa kidogo, na mara nyingi hicho ni kile kilichotoka mwishoni mwa maisha ya konsoli, watu wakiwa wameshahamia kwenye mashine mpya. Panzer Dragoon Saga ya Saturn, konsoli ya Sega, imetoka 1998 wakati Saturn imeshashindwa sokoni huko Magharibi. Conker's Bad Fur Day ya N64 imetoka 2001, mwaka ambao GameCube nayo inaingia. Kwa upande wa pili kuna E.T. ya Atari 2600 ya 1982, ni ya zamani kweli, ni maarufu kweli, ilizikwa jangwani New Mexico mwaka 1983 na kufukuliwa 2014, lakini kaseti zenyewe zilitengenezwa mamilioni kwahiyo zipo tu. Magemu ya mpira ya kila mwaka ndo kabisa, hayo ukiyakuta chukua kama unataka kuyacheza, usijidanganye kwamba ni hazina. Jicho lako liende kwenye magemu ya hadithi ndefu ya kijapani, ya kutisha, na majina ambayo hujawahi kuyasikia.

Ukiwa na shaka angalia PriceCharting, tovuti ya bei za magemu, au eBay lakini chuja uone zile zilizouzwa tayari, kwa sababu bei anayoomba mtu ni ndoto yake tu na bei iliyolipwa ndo bei. Fanya hivyo pembeni kidogo, ukimsimamia muuzaji mbele na simu unakunja uso atajua una kitu na bei itapanda hapo hapo.

Kaseti

Feki zimejaa, hasa za Game Boy, Game Boy Advance na DS, na zaidi ya zote Pokémon. Feki nyingi zinawaka na kucheza vizuri tu kwa siku za mwanzo, shida inakuja kwenye kuseivu, unacheza masaa ishirini unarudi kesho unakuta hamna kitu. Kwahiyo jifunze kuzishika.

Chukua kaseti ya Game Boy Advance uielekeze kwenye mwanga kwa mshazari. Kwenye stika ya orijino kuna namba mbili, wakati mwingine na herufi, hazijachapwa kwa wino, zimegandamizwa kwenye karatasi yenyewe, zinaonekana mwanga ukizipiga pembeni. Feki nyingi hazina. Alafu igeuze uchungulie kwenye mdomo wa chini pale pini zilipo, kwenye orijino utaona neno Nintendo limeandikwa kwenye bodi, kile kibao chenye chipu, juu kidogo ya pini, na pini zenyewe zimepakwa dhahabu zimenyooka safi. Angalia skrubu ya nyuma, ya orijino ya GBA ina mikono mitatu, ukikuta ya msalaba ya kawaida basi ama ni feki ama kuna mtu alishaifungua. Maandishi ya stika yakiwa na ukungu ukungu, rangi zimekolea kupita kiasi, plastiki nyepesi inabonyea, rudisha mezani. Pokémon Emerald ya kweli plastiki yake ni ya kijani inayopitisha mwanga, unaiona bodi na betri humo ndani bila kufungua, kwahiyo ukiona kijani kizito kisichopitisha kitu usipoteze muda.

Kaseti za "magemu 999 kwa moja" ni habari nyingine. Hizo ni za mashine za kunakili Famicom (NES ya Japan), zimeenea dunia nzima, Urusi walikuwa na Dendy, Poland wakawa na Pegasus, na kizazi kizima kilikulia humo. Sio orijino na hakuna anayesema ni orijino, na kusema kweli zinafurahisha, nunua kwa bei ya kuchezea. Ujue tu kwamba hizo 999 ukizihesabu ni magemu machache yanayojirudia.

Betri sasa. Kaseti za NES, SNES, Mega Drive na Game Boy zinazoseivu, nyingi zinatunza seivu kwa betri ndogo ya duara iliyochomelewa ndani, na betri hizo zina miaka ishirini, thelathini. Pokémon Gold, Silver na Crystal zinaimaliza haraka zaidi kwa sababu betri hiyo hiyo inaendesha na saa ya ndani ya gemu. Hiyo sio sababu ya kuacha kununua, kubadilisha betri ni kazi ndogo ya mtu mwenye chuma cha kuchomelea, ila ni sababu nzuri ya kuomba upunguziwe. Kwa Ruby, Sapphire na Emerald mambo ni tofauti, ukiwasha ikakuambia betri imekauka usishtuke, hapo kinachokufa ni saa tu, seivu inakaa kwenye chipu nyingine ambayo haihitaji betri. Wauzaji wengi hawalijui hilo, wanaona ule ujumbe wanadhani kaseti ndo basi tena.

Uchafu kwenye pini usikutishe, weusi weusi unatoka. Kinachotisha ni rangi ya kijani iliyochimba, au harufu ya unyevu ukiisogeza puani, maana ilikaa kwenye maji. Tikisa kaseti karibu na sikio, kitu kikigonga ndani uliza kwanza.

Diski

Hapa watu wanafanya kitu kimoja kinyume kabisa, wanageuza diski wanaangalia upande unaong'aa tu. Upande huo kuna plastiki nene kiasi, mikwaruzo mingi ya huko inaweza kusuguliwa ikatoka. Kwenye CD, yani magemu yote ya PS1 na Saturn, data imekaa upande wa juu, chini tu ya picha, imefunikwa na rangi nyembamba sana. Mkwaruzo ulioingia kwenye picha umekata data yenyewe na hakuna fundi wa kurudisha. Kwahiyo anza na upande wa picha, alafu inua diski juu uangalie jua au tochi kupitia humo, ukiona vitundu vinavyopitisha mwanga kama nyota basi tabaka lake limeanza kuliwa, achana nayo hata kama ni ya bure karibu.

Diski orijino za PS1 chini yake ni nyeusi. Ukikuta ya fedha au ya kijani kijani ni kopi, ingawa CD tupu nyeusi nazo zilikuwepo kwahiyo weusi peke yake hautoshi, angalia na uchapaji wa juu na maandishi madogo kwenye duara la katikati. Kwenye PS2 kuna mtego wa upande wa pili, baadhi ya magemu yake yalitoka kwenye CD na sio DVD, na hizo chini ni za bluu. Watu wanazitupa wakidhani ni kopi kumbe ni halali kabisa, na hapo ndo unapookota vitu kwa bei ya chini.

Fungua kava KILA mara. Kila mara. Kava la gemu la maana lina diski ya muvi ndani, au halina kitu, au lina diski nyingine bora kuliko iliyoandikwa nje, hiyo nayo hutokea. Ukiwa umefungua angalia kama memori kadi imesahaulika humo.

Konsoli

Iinue. Itikise taratibu. Watoto walikuwa wanatumbukiza sarafu kwenye mlango wa diski, vipande vya midoli, kila kitu, na sarafu inayozunguka juu ya bodi ukiwasha umeme ndo inaua mashine, kwahiyo kikigonga kitu ndani usikubali waiwashe "kukuonyesha". Alafu nusa. Moshi wa sigara unaweza kuondoka kwa kazi, mende ni shughuli, wanapenda joto la sehemu ya umeme na wanataga humo humo. Ukiona vidoti vya kahawia kwenye matundu ya hewa, ama iache ama ifunge kwenye mfuko isiingie ndani kwako mpaka uifungue nje.

Angalia sehemu ya betri kwenye kila kinachotumia betri. Game Boy ya kwanza ya 1989 inatumia AA nne, Color na Advance mbili mbili, Game Gear inakula sita. Betri iliyoachwa miaka inavuja, springi zinakuwa na unga mweupe au kijani. Unga kidogo unasafishika. Springi iliyoliwa mpaka imekatika ni hesabu nyingine, maana sumu huwa imeshapanda mpaka kwenye bodi. Hizi za mkononi ndo pekee unazoweza kujaribu palepale, ndo maana umebeba betri na kaseti yako. Game Boy ikionyesha mistari wima iliyopotea kwenye skrini hiyo mara nyingi inatengenezeka kwa kupasha moto ule ukanda wa skrini, jifanye umesikitika omba upunguziwe. Game Gear ikiwa na skrini hafifu na sauti ya mbali ni kapasita (vidude vya kutunza umeme kwenye bodi) zimevuja, karibu zote ziko hivyo, usiilipie bei ya nzima hata mtu akiapa.

Xbox ya kwanza ya 2001 ina ugonjwa wake, kuna kapasita ya saa inayovuja ndani na kula bodi hata kama mashine imekaa tu kabatini haitumiki. Inaweza kuwaka vizuri leo. Ukiinunua, kazi ya kwanza ni kuifungua ukaitoe hiyo kapasita. N64 chungulia kile kifuniko kidogo mbele juu, ndani lazima kuwe na kipande, ama kile cheusi cha kawaida au Expansion Pak, cha kuongeza memori, chenye kichwa chekundu. Pasipokuwa na kipande chochote haitoi picha kabisa, na kuna N64 nzima zinauzwa kama mbovu kwa sababu hiyo tu. Ukikuta hiyo nyekundu furahi, Donkey Kong 64 na Majora's Mask haziendi bila hiyo. Na pedi ya N64, zungusha kijiti chake, kikilegea na kulala pembeni kimeshakwisha.

NES inayowaka taa na kuzima kila sekunde muuzaji anasema "imekufa". Haijafa. Kuna chipu ya ulinzi humo ndani inayozungumza na chipu ya kwenye kaseti, pini zikiwa chafu haziwasiliani, mashine inajirudisha mwanzo tena na tena. Kusafisha pini na ile soketi yake ya pini 72 kunazirudisha nyingi. Plastiki iliyogeuka njano nayo ni sura tu, inasababishwa na kemikali ya kuzuia moto iliyochanganywa humo pamoja na miale ya jua, haina uhusiano na uzima wa ndani.

Kuna na vitu ambavyo thamani yake imejificha kwenye toleo. Wii za mwanzo zina vifuniko vya juu vyenye matundu ya pedi za GameCube na zinasoma diski za GameCube, toleo la baadae walivitoa. DS Lite ina tundu la chini la kaseti za Game Boy Advance, DSi haina. PS3 zenye matundu manne ya USB mbele ndo zile zinazosoma na PS2. Kwa muuzaji zote ni sawa, bei moja. Game Boy Player ya GameCube, kile kisahani cha kufunga chini, bila diski yake ya kuwashia ni pambo, na diski ndo inayopotea siku zote.

Bastola za mwanga, Zapper na wenzake, hazifanyi kazi kwenye TV za kisasa, zinasoma mwanga jinsi TV ya chogo inavyouchora. Ukiwa na nafasi na mgongo mzima beba na hiyo TV ya chogo, watu wanazitoa bure, na magemu ya zamani humo yanapendeza kuliko kwenye flati yoyote.

Adapta na nchi ilikotoka

Hapa ndo pa kutulia maana hapa ndo watu wanaua mashine nzima. Usichukulie kwamba waya uliomo kwenye boksi ndo wa konsoli hiyo, mtu alikusanya tu. Adapta ya NES inatoa umeme wa AC, Famicom ya 1983 inataka DC volti 10 na hasi iko katikati, kichwa kinaingia vizuri tu, na ukiwasha unaweza kuiunguza. Mega Drive ya kwanza nayo hasi iko katikati wakati adapta nyingi za kawaida zina chanya katikati. Soma maandishi chini ya konsoli, soma na ya kwenye adapta, yafanane: volti, AC au DC, na ule mchoro wa duara wenye alama za kujumlisha na kutoa. Miliampea za adapta zikizidi sio tatizo, zikipungua ndo tatizo. Na vitu vingi vya enzi hizo vilivyotengenezwa kwa ajili ya Japan vinataka volti 100, vya Marekani 120, ukivichomeka moja kwa moja kwenye 220 au 240 utasikia mlio mmoja tu.

Kujua ilikotoka soma kodi. Magemu ya PS1 na PS2 yana herufi nne, SLES au SCES ni Ulaya, SLUS au SCUS Marekani, SLPS au SCPS Japan, na mashine ya kanda moja, yani eneo moja la dunia, haisomi magemu ya kanda nyingine. Magemu ya Ulaya ya enzi hizo mengi yanakwenda kwa 50Hz (skrini inachorwa mara 50 kwa sekunde) badala ya 60, mengine hawakuyarekebisha kwahiyo yanacheza taratibu kwa karibu asilimia 17, muziki na kila kitu. Ukishalicheza Sonic kwa kasi yake halisi hurudi nyuma. SNES ni kituko, kaseti ya Japan inaingia vizuri kwenye SNES ya Ulaya lakini chipu inaikataa, wakati kwenye SNES ya Marekani haiingii kwa sababu ya vipande viwili vya plastiki tu, chipu wala haina shida nayo. Game Boy, Color, Advance na magemu ya kawaida ya DS hayafungwi na kanda, hizo nunua popote.

Bei

Usianze na gemu unalolitaka. Kusanya, weka na pedi, waya, memori kadi, ile kaseti ya mpira, alafu uliza bei ya mzigo wote, watu wanapunguza kwa rundo kuliko kwa kimoja kimoja. Kasoro ulizoziona zitaje kwa upole, "mzee, hii springi imeliwa, nitaanza na kuisafisha", inatosha, usimtukanie mali yake. Kisichojaribiwa kilipe bei ya kibovu, hiyo ni sheria yangu ambayo siivunji, kwa sababu mtu ambaye angeweza kuijaribu na hajaijaribu huwa ana sababu. Mbuzi kwenye gunia namlipia bei ya gunia. Ila muuzaji akikuuliza wazi wazi "hivi hii ni ya thamani?" mwambie ukweli, hasa akiwa mtoto au mzee wa watu, deal zipo nyingi huna haja ya kumdanganya mtu usoni.

Ukifika nyumbani

Usiwashe. Najua mkono unawasha, ila usiwashe kwanza. Kaseti zisafishe pini kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu na pamba ya masikio, pitisha mpaka pamba itoke nyeupe, acha ikauke. Kupuliza kwa mdomo tulifanya wote na wote tuliamini, ila mate yanapeleka unyevu kwenye chuma, Nintendo wenyewe walikataza. Unga wa betri ya alkali unauliwa na siki nyeupe kwenye pamba, alafu unapitisha spiriti kutoa siki. Stika usizilowanishe.

Na kama kaseti ina seivu ya mwenyewe wa zamani, labda Pokémon zenye majina ya utani na masaa mia na kitu ya kucheza, angalia kabla hujatoa betri kwa sababu betri ikitoka na seivu imekwenda. Kuna kifaa kama GBxCart RW kinachounganisha kaseti za Game Boy na kompyuta, unanakili seivu, unabadilisha betri, unairudisha ndani. Kama seivu ni ya mtoto wa yule mama uliyenunua kwake na ulichukua namba yake, mpigie umuulize kama wanaitaka, kuna watu wanalia kabisa kwa furaha, na mara nyingi ndo hapo wanakumbuka kwamba juu ya kabati kuna boksi jingine.